Maswali ya Wasomaji: Injini ya Boti Imegoma Kuwaka

Mwezi huu sanduku la maswali limejaa dizeli tupu. Karibu kila aliyeandika ana boti ya matanga yenye injini ndogo ya ndani, na injini imegoma. Nimechagua maswali sita, la kwanza nalijibu kwa urefu maana ndani yake mna majibu ya wengine wengi, hayo mengine tutayapitia kwa haraka. Ila kabla hujashika spana jiulize kitu kimoja tu, ukigeuza ufunguo injini inazunguka au haizunguki? Haya ni magonjwa mawili tofauti kabisa na watu wanayachanganya kila siku, mtu anahangaika kubadilisha filta wakati betri imekufa, mwingine ananunua betri mpya wakati tenki lake lina maji.

SWALI: Fundi shikamoo. Nina boti ya matanga ya mita 9, injini ni dizeli ya silinda tatu, ya zamani, haina kompyuta. Juzi upepo ulikata tukawa tunarudi kwa injini, mawimbi ya ubavuni yakaanza kutuyumbisha, injini ikawa inapanda na kushuka yenyewe bila mtu kugusa mafuta, halafu ikazima. Tangu siku hiyo inazunguka vizuri tu ila haiwaki, nimepiga stata mpaka betri imeanza kuchoka. Moshi hautoki hata kidogo. Nianzie wapi? – Nahodha Aliyekwama

JIBU: Marahaba nahodha. Anzia kwa kuacha kupiga stata. Nasema kweli, acha kwanza, maana hapo ulipofika unaweza kuiua injini ambayo haina tatizo kubwa.

Sababu yenyewe ni hii. Injini ya boti ya matanga inapozwa na maji ya bahari, na yale maji yakishamaliza kazi yanamwagwa ndani ya ekzosi yatoke pamoja na moshi. Njiani yanapita kwenye sailensa iliyokaa chini, na kinachoyasukuma kutoka humo mpaka nje ni nguvu ya moshi. Sasa ukipiga stata na injini haiwaki, pampu ya maji inaendelea kuleta maji kama kawaida lakini moshi wa kuyasukuma haupo, kwa hiyo sailensa inajaa, mpira wa ekzosi unajaa, mwisho maji yanarudi nyuma na kuingia kwenye silinda kupitia valvu ya ekzosi iliyo wazi. Maji hayabanwi. Pistoni ikipanda ikakuta maji, kinachopinda ni mkono wa pistoni. Kwa hiyo funga koki ya maji ya bahari sasa hivi, na kama sailensa yako ina plagi ya kumwagia chini ifungue uone yanatoka kiasi gani, usishangae likijaa beseni. Kuanzia hapo kila ukipiga stata koki iwe imefungwa, na awepo mtu ameshika mpini wake, injini ikidaka tu aifungue palepale kwa sababu impela ya mpira, lile gurudumu la ndani ya pampu ya maji, haivumilii kukauka. Na stata yenyewe usiipige zaidi ya sekunde 10 au 15 kwa mpigo, ipumzishe dakika moja mbili ndo urudie, vinginevyo utaichoma.

Haya, tuje kwenye ugonjwa. Umeshaueleza mwenyewe bila kujua. Dizeli haina plagi za cheche, inachohitaji ni hewa, mgandamizo wa kutosha kuipasha hiyo hewa ifike nyuzi 500 na zaidi, na dizeli kidogo iliyopulizwa kama ukungu kwa wakati wake, basi. Injini yako ilikuwa inafanya kazi dakika moja kabla, kwa hiyo mgandamizo haukutoroka ghafla. Ilipanda na kushuka kabla ya kuzima, na moshi hautoki ukipiga stata. Hiyo ni njaa ya dizeli. Kama dizeli ingekuwa inafika ikashindwa kuungua ungeona moshi mweupe kwenye ekzosi, na kama tatizo lingekuwa hewa kuwa ndogo moshi ungekuwa mweusi. Kutokuona moshi kabisa maana yake kwenye silinda haifiki kitu.

Na mawimbi ndo shahidi wako mkubwa. Tenki linaweza kukaa na uchafu chini miaka, boti ikiwa imetulia hakuna anayejua, siku bahari ikichafuka ule uchafu wote unakorogwa na kuvutwa kwenye paipu. Ndo maana injini hizi zina tabia mbaya ya kuzima pale unapozihitaji.

Kabla ya kufungua chochote angalia vitu vya bure. Kebo ya kuzimia imerudi mpaka mwisho? Kwenye injini nyingi za zamani unavuta kidude kuizima, na kikibaki kimevutwa kidogo tu pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwa nguvu kwenda kwenye nozeli zinazoipuliza ndani ya silinda, haitoi dizeli hata ukipiga stata mpaka kesho, we nenda kwenye injini yenyewe uone mkono wake umerudi, usiamini kile kidude cha kuvutia. Koki ya tenki iko wazi? Dizeli ipo kweli? Geji za tenki ni waongo wakubwa, chomeka kijiti uone. Na kama tenki lina robo tu, boti ikilala upande mdomo wa paipu ya kuvutia unaweza kubaki hewani ukavuta upepo badala ya dizeli. Halafu fungua kifuniko cha kujazia, ukisikia kama tenki linavuta pumzi ujue kitundu cha hewa cha tenki kimeziba, dizeli inashindwa kutoka kwa sababu hakuna hewa ya kujaza nafasi yake. Safisha kitundu, pengine umemaliza kazi.

Kama vyote hivyo viko sawa sogea kwenye filta ya kwanza, ile yenye bakuli la kioo au plastiki chini yake inayotenga maji. Weka chombo, fungua kikoki cha chini, pokea kwenye chupa inayoonyesha ndani kisha mulika na tochi. Dizeli safi ni ya njano au nyekundu kutegemea unakonunua, unaona upande wa pili bila shida. Ukiona mstari umejigawa, chini maji, juu dizeli, na katikati yao kuna utando mweusi kama lami laini ambao ukiutikisa unakatikakatika vipande na kuelea, hao ni vijidudu, bakteria na kuvu, wanaishi pale maji yanapokutana na dizeli. Filta ikishafunikwa na ule utando haipitishi kitu. Badilisha filta zote mbili, hii ya kwanza na ile ndogo iliyo kwenye injini, na filta mpya ya kwanza ijaze dizeli safi kabla hujafunga ili upunguze kazi ya kutoa hewa. Ila ile ya kwenye injini mimi siijazi kwa kumimina, maana uchafu wowote utakaouingiza hapo unaenda moja kwa moja kwenye pampu ya nozeli, iache ijazwe na pampu.

Sasa kutoa hewa. Hapa ndo watu wengi wanakata tamaa na hakuna sababu. Kanuni ni moja, unaanza kutoka tenki unakuja kwenye injini, huruki hatua. Kwenye ubavu wa injini kuna pampu ndogo ya kuvuta dizeli yenye kidude cha kupampu kwa mkono. Legeza skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya filta ya injini, mizunguko miwili inatosha, usiitoe kabisa maana ikidondoka kwenye maji ya chini ya injini utaitafuta kwa ulimi. Weka kitambaa chini yake. Pampu kwa kidole. Mwanzoni hakuna kitu, halafu inaanza kutoka povu, inatema, inasikika kama inakoroma kidogo pembeni ya nyuzi za skrubu, kisha povu linakuwa mapovu makubwa yanayokuja moja moja, mwisho dizeli tupu inayotiririka bila kukatika. Hapo funga huku ukiendelea kupampu. Nenda skrubu inayofuata, ile ya juu ya pampu ya nozeli kama ipo, fanya hivyohivyo.

Kidude cha kupampu kikiwa kilegevu kama hakishiki kitu usikimbilie kusema pampu imekufa. Inaendeshwa na kemu, kile kinundu kinachozunguka ndani ya injini, na injini ikisimama pale kemu imesukuma mkono wa pampu, kwako hakibaki cha kusukuma. Zungusha injini mzunguko mmoja hivi kwa spana kwenye puli ya mbele, jaribu tena, mara nyingi nguvu inarudi. Kama injini yako ina pampu ya umeme mambo ni rahisi zaidi, washa ufunguo bila kupiga stata na usikilize tiki-tiki-tiki, ukimya unamaanisha fyuzi au waya au pampu yenyewe.

Ukishamaliza upande wa chini, zile injini ambazo hazijitoi hewa zenyewe zinataka hatua ya mwisho, nati za mabomba membamba ya chuma pale yanapoingia kwenye nozeli. Legeza kila moja nusu mzunguko, mkono wa mafuta mpaka mwisho, piga stata kidogo, koki ya bahari imefungwa usisahau. Utaona dizeli inatoka kwa mapigo, tone, tone, tone. Kaza moja moja, na mara nyingi ukikaza ya pili injini inaanza kudaka yenyewe kwa silinda zilizopata. Vaa miwani, na usiweke kidole wala kiganja hapo kuhisi kama inatoka. Nozeli inafunguka kwa mgandamizo wa zaidi ya bar 100, na dizeli ya namna hiyo inapenya ngozi kama sindano. Kidonda kinaonekana kadoa tu halafu mtu anapoteza kidole au mkono. Ikikutokea ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama hakiumi.

Umetoa hewa, imewaka, imeenda dakika tano imezima tena na povu limerudi? Kuna sehemu inavuta hewa. Usitafute panapovuja, maana upande wa kati ya tenki na ile pampu ndogo dizeli inavutwa, kwa hiyo penye ufa hewa inaingia badala ya dizeli kutoka na nje utakuta pakavu kabisa. Washukiwa ni wosha za shaba zilizotumika mara nyingi, ringi ya mpira ya filta iliyokaa vibaya, klipu ya mpira iliyolegea. Njia nzuri ni kuweka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kwa muda, kwanza karibu na pampu, ukiona mapovu sogeza nyuma kuelekea tenki mpaka upate mahali ambapo kabla yake hakuna mapovu na baada yake yapo.

Na kuna ujanja ambao ningependa kila mwenye boti aujue. Chukua jerikani ya dizeli safi, iweke juu kuliko injini na uifunge isianguke, chomeka mpira kutoka hapo moja kwa moja kwenye pampu ndogo ya injini. Injini ikiwaka na kutulia umeshajua kwamba injini haina kosa, ugonjwa uko kati ya tenki na hapo, na zaidi ya hayo unaweza kurudi nayo nyumbani hivyohivyo. Ule mpira wa dizeli inayorudi nao uingize kwenye jerikani, la sivyo injini itakuhamishia jerikani yote kwenye tenki chafu wewe unaangalia.

Ukifika salama tenki linyonywe mpaka chini na lioshwe. Dawa ya kuua vijidudu inasaidia lakini ikishawaua maiti zao zote zinakuja kwenye filta, kwa hiyo ukiweka dawa beba filta za akiba kadhaa. Na kagua ringi ya mpira ya kifuniko cha kujazia dizeli pale juu ya sitaha, watu wanalaumu unyevu wa hewa wakati maji yanaingia hapo kila wimbi likipita.

SWALI: Mambo vipi fundi. Yangu nikigeuza ufunguo inapiga tak moja tu, basi. Taa za ndani zinawaka vizuri kwa hiyo betri ni nzima. Nimeambiwa stata imekufa ninunue nyingine. – Tak Moja

JIBU: Poa. Usinunue kwanza. Taa kuwaka haimaanishi chochote, taa inakula ampea moja mbili, stata inakula mamia. Pima betri ikiwa imepumzika bila chaji kwa saa kadhaa, volti 12.6 au 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, 12 kushuka chini hiyo imekwisha. Halafu muhimu zaidi, pima wakati mtu anageuza ufunguo. Ikishuka chini ya 9.5 hivi, betri haina nguvu au kuna kitu kinaivuta kupita kiasi. Ikibaki palepale 12 na stata haigeuki, umeme hauifikii.

Hapo ndo unafuatilia waya kwa mita ya kupimia volti, na uzuri wake hufungui kitu. Ncha moja ya mita iweke kwenye nguzo yenyewe ya betri, risasi yenyewe, sio ile klipu, ncha nyingine kwenye bolti kubwa ya stata, mtu ageuze ufunguo, soma. Inatakiwa isizidi nusu volti. Ukisoma volti mbili au tatu, hizo zimepotelea njiani na stata haijaziona. Rudia upande wa negativu, kutoka nguzo ya betri mpaka chuma cha injini. Huu upande wa negativu ndo unasahaulika na ndo unaooza zaidi kwa sababu waya wake umefungwa chini kwenye chuma panapolowa. Usidanganywe na nje, nje unaona ringi ya shaba imekaa vizuri na imekazwa, ukiikunja kidogo na kuvuta ile ngozi ya plastiki unakuta nyuzi zimekuwa nyeusi na unga wa kijani umepanda ndani sentimita kadhaa, ukizikwangua zinavunjika kama majani makavu. Waya huo ni wa kutupa. Usisahau pia swichi kubwa ya kuchagua betri, pima kuingia na kutoka, na wakati injini inafanya kazi usiipitishe kwenye OFF maana unaua daiodi za altaneta, ile mashine inayochaji betri.

Kama ingekuwa haisemi hata tak ningekupeleka upande mwingine, kwenye ufunguo, fyuzi, soketi za waya za nyuma ya dashibodi na swichi ya nyutro kama ipo. Injini ndogo nyingi za Yanmar za zamani zinajulikana kwa hili, waya mwembamba unatoka injini unaenda mpaka kwenye ufunguo unarudi, soketi njiani zimechafuka, umeme unaofika kwenye solenoidi, ile swichi kubwa ya kwenye stata, umechoka. Watu wanaweka rilei, swichi ndogo inayoendeshwa na umeme, karibu na stata na tatizo linaisha. Na ikiwa inapiga tak-tak-tak-tak za haraka, hiyo karibu kila mara ni betri dhaifu au kichwa cha betri kilicholegea.

Lakini tak moja ina maana nyingine mbaya, soma swali la tano kabla hujarudia kugeuza ufunguo.

SWALI: Fundi, yangu ikishapata moto inawaka kwa kugusa tu, ila asubuhi ikiwa baridi napiga mpaka nachoka, moshi mweupe mwingi, halafu inadaka silinda moja, inakohoa, baadaye zote. – Asubuhi Ngumu

JIBU: Moshi mweupe unasema dizeli inafika ila haiungui, joto halitoshi. Kama injini yako ina hita plagi, zile plagi za kupasha joto silinda, anza nazo, ni kazi ya dakika chache. Toa waya au ule mkanda wa chuma unaoziunganisha, chukua taa ya kupimia, ncha moja positivu ya betri ncha nyingine kichwa cha hita plagi, ikiwaka waya wa ndani haujakatika, isipowaka imekufa. Na kabla hujazilaumu zote kwa pamoja pima umeme unaofika kwenye ule mkanda mtu akiwa amebonyeza swichi, zikifa zote siku moja mara nyingi kosa ni waya au rilei. Kila moja inakula kama ampea 10, kwa hiyo waya ukioza hazipati moto wa maana. Zipe sekunde 15 hivi au kama kitabu cha injini yako kinavyosema.

Zikiwa nzima angalia kasi ya stata. Injini ikizungushwa polepole hewa inavuja pembeni ya pistoni kabla haijapata joto, kwa hiyo betri iliyochoka kidogo inaweza kukupa dalili zilezile za injini iliyochoka. Injini ndogo zenye kiwiko cha kuachia mgandamizo zinasaidika hapa, inua kiwiko, ipate mbio, kisha kiachie huku stata inaendelea.

Cha tatu ambacho hakuna anayekifikiria ni ile kona ya ekzosi ambapo maji ya bahari yanakutana na moshi. Masizi na chumvi vinajijenga humo mpaka tundu linabaki kama la kidole, injini inashindwa kutoa pumzi na hivyo inashindwa kuvuta nyingine. Ifungue uchungulie. Kama injini pia imepoteza nguvu na inatoa moshi mweusi ukiibebesha mzigo mimi ningeanza hapo. Ukimaliza yote hayo na bado, basi pima mgandamizo wa silinda, na hapo tunaongelea ringi na valvu na hela.

SWALI: Spreyi ya kuwashia injini, ile unayopuliza kwenye hewa, inafaa kwa dizeli? – Mwenye Haraka

JIBU: Hapana. Ni etha, inawaka kwa joto la chini kuliko dizeli, kwa hiyo inalipuka pistoni ikiwa bado inapanda, ringi zinavunjika. Na kama hita plagi zimewashwa inaweza kulipukia kwenye bomba la hewa usoni kwako, ndani ya chumba kidogo cha boti. Kama haina dizeli spreyi haitaileta, kama haina mgandamizo spreyi itaficha ugonjwa wiki mbili. Ukitaka kuisaidia injini baridi, puliza hewa ya moto ya mashine ya kukaushia nywele kwenye mdomo wa hewa kabla na wakati wa kupiga stata, inafanya kazi na haivunji kitu.

SWALI: Naomba msaada wa haraka. Nimepiga stata muda mrefu jana jioni ikawa haiwaki, mwisho ikapiga kishindo ikakwama, sasa haizunguki kabisa, inasema tak tu. Betri nimechaji imejaa. – Nina Wasiwasi

JIBU: Pole sana, na una haki ya kuwa na wasiwasi. Usiguse ufunguo tena. Funga koki ya bahari. Vuta kijiti cha oili, ikiwa imepanda juu ya alama au imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameshafika chini. Hata kama oili ni safi silinda zinaweza kuwa na maji.

Toa nozeli zote, au hita plagi kama injini yako inazo na ni rahisi kuzifikia, ili kila silinda ipate tundu. Funika na kitambaa, kaa pembeni sio juu yake, zungusha kwa mkono kwa spana kwenye puli. Polepole. Ikikataa usiweke bomba refu kuongeza nguvu, rudi nyuma kidogo, jaribu tena. Maji yatatoka kwa kuruka, utayaonja chumvi. Ikishazunguka kwa mkono mizunguko miwili mitatu bila kugota ndo uguse stata kidogo tundu zikiwa bado wazi, imalizie kutapika. Mwaga maji ya sailensa. Mwagia oili kidogo kila silinda. Badilisha oili na filta yake, rudisha nozeli na wosha mpya, tafuta sababu iliyofanya isiwake mwanzo kwa kufuata jibu la swali la kwanza, iwashe, iache ipate moto vizuri, zima, angalia oili. Ikiwa bado nyeupe badilisha tena, na tena, mpaka ikae safi.

Yote hayo yafanye leo. Maji ya chumvi kwenye chuma kilichong'arishwa hayasubiri fundi apate nafasi wiki ijayo, kutu inaanza ndani ya siku moja na ringi zikishashika hapo injini inatoka kwenye boti. Kama huwezi kuiwasha leo basi angalau maji yatoke na silinda zilowe oili, hiyo itakupa muda. Na ikiwaka sikiliza, kukiwa na mlio mmoja unaogonga kwa mpigo, au silinda moja mgandamizo wake uko chini kuliko wenzake, mkono wa pistoni umepinda na kuendelea kuiendesha ni kuharibu na bloku ya injini.

Kwa wengine, maji hayaingii kwa stata peke yake. Boti ikikokotwa kwa mwendo mkali injini ikiwa imezimwa, au valvu ya kuzuia maji yasijivute yenyewe ikiziba kwa chumvi, yanaweza kufika palepale. Ile valvu iko juu ya bomba la maji, ioshe kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara.

SWALI: Stata inalia wiiii kwa kasi lakini injini haizunguki. Ni nini tena? – Msomaji wa Siku Nyingi

JIBU: Gia ndogo ya stata haitoki kwenda kushika flaiwili, lile gurudumu zito lenye meno la injini. Toa stata, kwa kawaida ni bolti mbili, zima kwanza swichi ya betri, utakuta ile gia imeganda kwa kutu au grisi ya zamani iliyogeuka gundi. Osha kwa mafuta ya taa, kausha, isukume kwa kidole iende na kurudi bila kukwama, weka mafuta mepesi kidogo sana, sio grisi. Ukishika gia ikawa inazunguka pande zote mbili bila kushika, klachi yake ya ndani imekwisha na hiyo ni ya kubadilisha. Wakati stata iko nje mulika kwenye tundu lake uangalie meno ya flaiwili, zungusha injini kwa mkono uyaone yote, maana kama yameliwa sehemu moja stata mpya nayo italia hivyohivyo.